Duka la Shanga Mtandaoni: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuuza Pakiti ya Kwanza

Fundi wa shanga wa Subukia au Kuresoi anapoishiwa na rangi moja katikati ya kazi, kazi yote husimama. Hupanda matatu hadi mjini Nakuru, na asipopata rangi hiyo huendelea hadi Nairobi, umbali wa kilomita 160 hivi kutoka Nakuru, akatafute katika soko la Kariokor au katika maduka ya jumla. Nauli huweza kupita bei ya shanga zenyewe, na mteja aliyeagiza mkufu wa harusi hangoji.

Pengo hilo ndilo linalowapa baadhi ya wakazi riziki kwa kuuza vifaa vya mapambo kupitia simu: shanga, nyuzi, waya, sindano, kulabu za herini, vifungo vya mikufu, vipande vya ngozi na koleo ndogo. Tangu mwaka wa 2021 Nakuru imo katika Mtandao wa UNESCO wa Miji ya Ubunifu, katika kitengo cha ufundi wa mikono na sanaa za jadi. Sifa hiyo haiwezi kudumu bila mafundi kupata malighafi kwa urahisi. Makala haya yanaeleza jinsi duka dogo la aina hii linavyoendeshwa, sheria zinazolihusu, na mahali ambapo pesa hupotea.

Bidhaa na maelezo yake

Mteja wa mtandaoni hawezi kuishika shanga wala kuipima kwa jicho. Maelezo ndiyo macho yake. Shanga ndogo za kioo huuzwa kwa namba, na wengi wanaoanza huchanganyikiwa kwa sababu namba ikiwa kubwa, shanga huwa ndogo. Namba 11 ina upana wa milimita 2 hivi, namba 8 milimita 3 hivi, na namba 6 milimita 4 hivi. Muuzaji aandike namba na milimita pia, kisha apige picha shanga zikiwa kando ya rula au sarafu, mchana karibu na dirisha. Mwangaza wa balbu hugeuza rangi, na nyekundu iliyoonekana kama ya damu hufika ikiwa ya tofali.

Rangi za kiwanda hutofautiana kidogo kutoka shehena moja hadi nyingine. Fundi anayetengeneza mapambo ya kikundi kizima cha ngoma anahitaji shanga za shehena moja. Ni vyema kila pakiti iandikwe tarehe iliponunuliwa, na mteja aulizwe mapema kiasi atakachohitaji hadi kumaliza kazi.

Kulabu za herini nazo zitajwe zimetengenezwa kwa madini gani. Wapo watu ambao ngozi yao huwasha na kuvimba kwa sababu ya nikeli. Muuzaji asiyejua madini yaliyomo asiandike kuwa ni fedha au chuma kisichoshika kutu.

Mizani ya jikoni si mizani ya biashara

Shanga nyingi hununuliwa kwa kilo na kuuzwa kwa gramu. Kisheria, mizani inayotumiwa kuuzia bidhaa lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri na maafisa wa mizani na vipimo. Mizani ya kupimia unga wa keki nyumbani haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na gramu mbili zikipungua katika pakiti ya gramu 25, mteja amepunjwa karibu sehemu moja kati ya kumi na mbili. Anayeuza kwa kuhesabu, kwa mfano kulabu 20 kwa pakiti, ahesabu kweli na aandike idadi hiyo juu ya pakiti.

Vifungashio na malighafi zilizokatazwa

Mifuko ya plastiki ya kubebea na ile bapa ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017. Adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Kwa hivyo vijifuko vyepesi vya plastiki ambavyo zamani vilijaa katika biashara ya shanga si jambo la kuchezea. Bahasha ndogo za karatasi, vikopo vyenye kifuniko na vijifuko vya kitambaa hufaa. Karatasi ikunjwe mara mbili na kubandikwa vizuri, kwani shanga hupenya penye upenyo mdogo.

Jambo jingine linalowanasa watu bila kujua ni malighafi za wanyamapori. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013, sehemu ya mnyama wa porini, hata iliyookotwa chini, ni nyara. Manyoya ya heroe yaliyookotwa kando ya Ziwa Nakuru au Elmenteita, miiba ya nungunungu, maganda ya mayai ya mbuni na meno ya wanyama hayauzwi bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kipuli kimoja cha manyoya kinaweza kumfikisha muuzaji mahakamani. Mifupa na pembe za ng'ombe kutoka kichinjioni, manyoya ya kuku, mbegu, mbao na shaba nyeupe havina tatizo hilo.

Kibali, jina na kodi

Kutokuwa na kibanda sokoni hakumwondolei mtu wajibu wa kuwa na kibali. Katiba ya mwaka wa 2010 imezipa kaunti jukumu la kutoa leseni za biashara, na anayehifadhi na kuuza bidhaa kutoka chumba cha nyumbani anafanya biashara kama mwingine yeyote. Ada hutegemea aina na ukubwa wa shughuli. Mkazi apate maelezo katika afisi ya biashara ya kaunti ndogo anakoishi. Nakuru ina kaunti ndogo 11, na hana haja ya kusafiri hadi mjini kuuliza. Malipo yoyote ya serikali yana risiti rasmi. Asimpe mtu pesa mkononi kwa ahadi ya kusaidiwa.

Anayetaka kutumia jina la duka badala ya jina lake mwenyewe hulisajili kwa Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen. Huduma za eCitizen hulipiwa kupitia nambari ya Paybill 222222. Asiyekuwa na kompyuta anaweza kupata usaidizi katika kituo cha Huduma mjini Nakuru.

Kuhusu kodi, duka ambalo mauzo yake kwa mwaka yanazidi shilingi milioni 1 na hayapiti milioni 25 huingia katika kodi ya mauzo, ambayo ni asilimia 3 tangu Julai 2023. Hulipwa kila mwezi, kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi hii hutozwa mauzo yote, wala si faida. Duka linalouza bidhaa za shilingi 100,000 kwa mwezi hulipa shilingi 3,000, liwe limepata faida au la. Aliye chini ya milioni 1 hatozwi kodi hii, lakini bado hutakiwa kujaza ripoti ya kodi ya mapato kila mwaka akitumia PIN yake ya KRA.

Anayeagiza shanga kutoka China au Jamhuri ya Cheki akumbuke kwamba bei ya kwenye tovuti si bei ya mwisho. Kuna usafirishaji, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za kuingiza bidhaa nchini. Kifurushi kuwa kidogo hakukifanyi kisitozwe.

Hesabu ya pakiti moja

Maduka mengi madogo hufa yakiwa na wateja. Sababu ni hesabu. Chukua mfano huu, ambao takwimu zake ni za kuelezea tu.

Mfuko wa gramu 450 umenunuliwa kwa shilingi 900. Mifuko 10 iliyoletwa kwa safari moja ya shilingi 1,000 huongeza shilingi 100 kwa kila mfuko, hivyo gharama ni 1,000. Mfuko huo hutoa pakiti 18 za gramu 25, lakini shanga zilizovunjika na kumwagika hula pakiti moja. Zinabaki 17, kila moja ikigharimu shilingi 59 hivi. Ongeza 6 za bahasha, 5 za intaneti na kibali, na 10 za kazi ya kupima na kufunga. Jumla ni 80. Ikiuzwa kwa 100, faida ni 20, na kodi ya mauzo ikiwepo hubaki 17.

Sasa mteja wa Molo ananunua pakiti mbili kwa shilingi 200, na muuzaji amemwahidi kupelekewa bure kwa gharama ya 150. Gharama imekuwa 310. Muuzaji amempoteza 110 na huenda ameandika siku hiyo kuwa ya mauzo mazuri. Suluhisho ni kuweka kiwango cha chini cha agizo, kukusanya maagizo ya eneo moja yasafiri pamoja siku maalumu, na kutaja nauli ya kifurushi kando kabla ya mteja kulipa.

Malipo, walaghai na heshima ya mteja

Pesa za duka zisikae pamoja na za nyumba. Nambari ya Till au Pochi la Biashara huzitenganisha, na mwisho wa mwezi mtu huona kilichoingia. Kabla ya kutoa mzigo, muuzaji aangalie salio lake mwenyewe. Ujumbe unaofanana na wa M-PESA lakini umetoka kwa nambari ya kawaida ya simu ni wa kughushi, na mara nyingi hufuatwa na mtu anayesema ametuma zaidi na kudai arudishiwe haraka.

Mteja naye ana haki. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa haki ya bidhaa za ubora unaofaa na maelezo yatakayomwezesha kufaidika nazo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012 inamtaka anayeuza mtandaoni aeleze mambo muhimu na ampe mnunuzi nafasi ya kukubali, kukataa au kurekebisha kosa kabla ya mapatano. Bei kamili, muda wa kufika na masharti ya kurudisha yaandikwe wazi.

Jina, nambari ya simu na mahali anapoishi mteja ni taarifa zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Kusambaza picha za mazungumzo yenye nambari ya mteja ili kuonyesha kwamba duka lina soko, bila idhini yake, ni kukiuka sheria hiyo. Akiombwa ruhusa na akakubali, picha ya mkufu alioutengeneza hutangaza duka vizuri zaidi.

Mwenye mtaji mdogo hana haja ya kuanza na rangi hamsini. Nyeupe, nyekundu, buluu, nyeusi, kijani, njano na rangi ya machungwa, katika namba moja au mbili, pamoja na uzi na sindano zinazopita katika tundu la shanga hizo, humtosha kuanzia. Fundi humrudia muuzaji ambaye kila mwezi ana nyekundu ileile.