Umbo la Herufi kama Sehemu ya Maana: Maandishi ya Mkono katika Mji wa Mtwara na Ukanda wa Ghuba ya Mnazi

Makala haya yanafafanua namna maandishi ya mkono yanayoonekana hadharani katika mji wa Mtwara, Mikindani na vijiji vya Ghuba ya Mnazi yanavyobeba maana kwa umbo, rangi na mahali pake, na si kwa maneno peke yake. Hoja inayotetewa ni kwamba desturi yetu ya kunakili maandishi ya aina hiyo kwa herufi za chapa, kisha kuyachambua kama misemo au methali, hupoteza sehemu ya data ambayo mara nyingine ndiyo maana yenyewe. Nimeifikia hoja hii kwa kukosea, kama nitakavyoeleza.

Uchunguzi wa mandhari ya kiisimu unaanzia kwa kawaida kwa Landry na Bourhis (1997), ambao swali lao kuu lilihusu lugha zinazoonekana katika mabango na uzito wa kila lugha. Scollon na Scollon (2003) waliongeza jambo ambalo kwetu ni la msingi zaidi: bango hupata maana kutokana na mahali liliposimikwa. Nchini Tanzania, Bwenge (2009) alichunguza uteuzi wa Kiswahili na Kiingereza katika mabango ya Dar es Salaam. Wanafasihi nao wameshughulikia majina ya kanga na maandishi ya daladala, lakini kwa kiasi kikubwa wameyasoma kama semi zilizotokea tu kuandikwa. Hata kwenye kanga, hata hivyo, kila mvaaji anajua kwamba jina lina mahali pake ndani ya mji, chini.

Mtwara ni mji unaofaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa sababu ya jinsi ulivyojengwa. Ulipangwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ukiwa bandari ya mpango wa karanga wa serikali ya kikoloni. Mpango ulishindwa, bali barabara pana zilizonyooka zilibaki. Duka linaloonekana kutoka mbali hudai herufi za kuonekana kutoka mbali. Mikindani, mwendo mfupi tu kutoka hapo, ni mji wa kale wenye vichochoro na kuta za mawe na chokaa, ambapo msomaji husimama hatua mbili mbele ya ukuta. Chokaa hubambuka na kuondoka na herufi zake.

Fundi wa mabango hufanya kazi kwa vifaa vichache: rangi ya mafuta, brashi za upana mbalimbali, chaki, rula, na uzi uliopakwa chaki ambao huvutwa na kuachiwa ili uache mstari ulionyooka ukutani. Huanza kwa chaki, hupima kwa macho, ndipo hujaza rangi. Kivuli cha herufi huja mwishoni, kwa rangi ya pili, na hapo ndipo mteja huona thamani ya fedha yake. Tukumbuke kwamba bango tunasema limechorwa, ilhali barua tunasema imeandikwa. Lugha yenyewe imekwisha kutenganisha kazi hizi mbili, nasi watafiti tumeziunganisha bila kuulizwa.

Kuna kishawishi, hasa kwa anayetafiti kusini, cha kulitumia neno nembo kama daraja. Leo nembo ni alama ya kampuni au ya taifa, lakini neno hilo limetumika pia kwa chale za usoni na mwilini, na chale za Wamakonde, zenye mistari ya pembepembe, zinafahamika sana. Sioni ushahidi kwamba herufi za madukani zimetokana na chale hizo, na sitaki kuudai. Linalotosha ni kwamba wakazi wa ukanda huu walikuwa na mazoea ya kusoma mistari kabla ya kusoma alfabeti.

Tuchukue kwanza vyombo vya baharini. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, mashua na ngalawa huvutwa ufukoni na kuonekana kwa ukaribu. Chombo cha uvuvi kinatakiwa kisheria kusajiliwa, na namba ya usajili huandikwa wima, kavu, bila pambo. Jina ni jambo jingine. Jina huinama kufuata ubao unavyopanda kuelekea omo. Tuseme chombo kinaitwa Subira. Upande wa kushoto wa chombo, kwa kuwa herufi za Kirumi huenda kutoka kushoto kwenda kulia, jina huanzia omo na kupanuka kwa raha kuelekea tezi. Upande wa kulia jina huishia omo, kwenye ubao unaopungua, na fundi asipopima vema herufi ya mwisho hubanwa. Jina moja, kwa hiyo, huandikwa mara mbili na halifanani. Kwa hati ya Kiarabu, iliyotumika pwani hii kwa karne nyingi, hali ingekuwa kinyume kabisa. Aliyenakili “Subira” mara moja katika jedwali amenakili nusu ya chombo.

Mfano wa pili uko nchi kavu. Katika miji mingi ya Tanzania ukuta wa nyumba huandikwa NYUMBA HII HAIUZWI, au palipo wazi, KIWANJA HIKI HAKIUZWI. Maneno hayo ni kinga dhidi ya matapeli na ndugu wenye haraka ya urithi, na Mtwara, ambako matarajio ya gesi asilia ya Mnazi Bay yaliongeza hamu ya ardhi, yana uzito wake. Gesi hiyo iligunduliwa mwaka 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Maandishi haya hayana kivuli wala pambo. Herufi ni kubwa, mara nyingi hazilingani, rangi imechuruzika. Kwa kigezo cha ufundi ni kazi mbaya, lakini ubaya huo ndio unaoyapa nguvu. Bango lililochorwa vizuri lingedokeza kwamba kuna biashara hapo. Mchuruziko wa rangi unasema kwamba mwenye nyumba alishika brashi mwenyewe, na kwamba yupo.

Mfano wa tatu ndio ulionifundisha. Kando ya barabara kuu, mkoani Mtwara kama kwingineko nchini, nyumba huwekewa alama ya X. Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 na kanuni zake zilipanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati. Kutokana na upanuzi huo zikatokea X mbili. Nyekundu huwekwa kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya awali, naye hutakiwa kuondoka bila fidia. Ya kijani ni kwa aliyekutwa katika eneo lililoongezwa, naye husubiri kuthaminiwa na kulipwa. Watu husema huyu aliifuata barabara, yule barabara ilimfuata. Tofauti yote kati ya kulipwa na kutolipwa imo katika rangi; umbo ni lile lile, na neno hakuna kabisa.

Katika daftari langu la kwanza niliandika “X” kwa kalamu ya bluu, nyumba baada ya nyumba, pamoja na tarehe na maneno yaliyoandamana nayo. Rangi sikuiandika. Nilidhani ninakusanya maandishi. Niliporudi miezi kadhaa baadaye kurekebisha, baadhi ya kuta zilikuwa zimepakwa upya na nyingine hazikuwapo. Kurasa hizo siwezi kuzitumia.

Dola, kwa upande wake, haikuwahi kuwa na shaka juu ya nguvu ya umbo. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2004 zinazohusishwa na Waziri John Michuki ziliwataka wenye matatu kupaka mstari wa njano ubavuni, na michoro ya magari ikafifia kwa miaka kadhaa. Makampuni nayo yanajua: kampuni ya simu hupaka duka zima rangi yake na kumwachia mwenye duka nafasi ndogo ya jina. Tigo ilipobadili jina kuwa Yas mwishoni mwa mwaka 2024, kuta za bluu zilizozoeleka nchini zilianza kuwa za jana. Mabango ya plastiki yaliyochapwa kwa kompyuta yanaongezeka, na bei yake humvutia mteja. Sioni sababu ya kuyalilia. Hayo pia ni data. Linalonitia wasiwasi ni kasi ya ufutwaji ikilinganishwa na ulegevu wa kumbukumbu zetu.

Kwa hiyo kila ingizo katika data ninayoendelea kukusanya lina picha ya rangi, maelezo ya kitu kilichoandikiwa (chokaa, bati, ubao, turubai), urefu kutoka ardhini, upande unaotazamwa, na alama za marekebisho ya fundi pale zinapoonekana. Unakili wa maneno huja mwisho.

Tatizo linalobaki ni la viambatisho. Miongozo ya uandishi wa tasnifu huagiza Times New Roman, herufi iliyobuniwa kwa ajili ya gazeti la London na kuanza kutumika mwaka 1932, na kwa matini ya kawaida sina ugomvi nayo. Lakini tasnifu nyingi za zamani zimeingizwa katika hazina za vyuo kwa nakala za rangi nyeusi na nyeupe, na katika nakala ya aina hiyo X nyekundu na X ya kijani hutoka kijivu kile kile.