Kwa Nini Hewa Inayopulizwa Hupoza: Somo Kutoka kwa Kioo cha Gari

Wasomaji wa jarida letu wamezoea kukuta humu makala kuhusu ngeli, methali na fasihi simulizi. Leo naomba tuingie karakanani kidogo, kwa sababu huko ndiko nilikopata somo ambalo ningependa walimu na wanafunzi wa tafsiri walipate bila kuaibika kama nilivyoaibika mimi.

Miaka michache iliyopita niliombwa kutafsiri maelekezo ya kazi ya mafundi wanaoimarisha vioo vya magari. Matini ilieleza kwamba kioo kikitoka tanuruni huingizwa kati ya safu mbili za mabomba madogo yanayokipuliza hewa pande zote mbili. Mimi nikaandika: "Kipulizwe hewa baridi upande wa juu, kisha upande wa chini." Kisarufi sentensi haikuwa na kasoro. Mhandisi aliyeipitia kabla haijachapwa aliniuliza maswali mawili: "Mwalimu, hiyo hewa baridi itatoka kwenye friji gani? Na hilo neno 'kisha' umelitoa wapi?" Sikuwa na jibu. Ndipo akanieleza ninayojaribu kuyaeleza hapa.

Tuanze na kikaango kilichoepuliwa motoni. Hewa inayokigusa hupata joto mara moja. Lakini hewa ni kipitishi dhaifu sana cha joto. Shaba hupitisha joto takribani mara 15,000 zaidi yake. Kwa hiyo hewa iliyogusana na kikaango hugeuka kuwa kama blanketi jembamba la joto linalokifunika. Mwaka 1904 mwanasayansi Mjerumani Ludwig Prandtl alionyesha kwamba hata upepo ukivuma, hewa iliyogusana kabisa na kitu hunata pale na haisogei, na mwendo huongezeka kadiri tunavyokwenda mbali na kitu hicho. Eneo hilo la mwendo hafifu huitwa tabaka mpaka. Joto lazima lipenye tabaka hilo ndipo lichukuliwe na hewa ya nje.

Basi kazi kubwa ya kupuliza ni kulifanya blanketi hilo liwe jembamba. Hewa inayopulizwa yapasa iwe na joto dogo kuliko kitu kinachopozwa, lakini si lazima iwe baridi. Upepo unaopita ubavuni husaidia, ila kadiri unavyosonga mbele, tabaka huzidi kunenepa. Mkondo wa hewa unaopiga uso wa kitu wima hufanya kazi vizuri zaidi. Tazama maji ya bomba yanavyoanguka kwenye sinki: pale yanapopiga hutawanyika pande zote kwa kasi, yakiwa membamba kama karatasi. Hewa nayo hufanya hivyohivyo, na chini ya pigo lile tabaka mpaka huwa jembamba mno. Kwa tarakimu, hewa iliyotulia huondoa takribani wati 5 hadi 25 kwa kila mita moja ya mraba, kwa kila digrii moja ya tofauti ya joto. Mkondo unaopiga wima waweza kuondoa wati mia kadhaa.

Hata hivyo, kuna masharti. La kwanza ni umbali. Mkondo ukitoka bombani huchanganyika na hewa iliyouzunguka na kupoteza nguvu. Katika majaribio mengi ya mabomba ya mviringo, kitovu cha pigo hupoa vizuri zaidi umbali ukiwa kama mara sita ya kipenyo cha mdomo wa bomba. Mdomo wa milimita 5 basi utahitaji nafasi ya milimita 30 hivi. La pili, upoaji hupungua kadiri unavyoondoka kwenye kitovu, ndiyo sababu eneo pana huhitaji mikondo mingi. La tatu husahauliwa sana: hewa iliyokwisha kupiga lazima ipate njia ya kutokea. Ikikosa njia, huisukuma mikondo ya jirani kabla haijafika inakokwenda.

Turudi kwenye kioo. Kioo cha dirisha la gari hupashwa joto kupita digrii 600 za Selsiasi, kisha hupulizwa ghafla pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ngozi ya nje huganda kwanza. Baadaye sehemu ya ndani nayo hupoa na kutaka kusinyaa, lakini ngozi imekwisha kuwa ngumu. Matokeo yake ndani hubaki panavuta na nje hubaki pamebanwa. Mbano huo wa nje huzuia nyufa kuanza, hivyo kioo huwa imara kama mara nne ya kioo cha kawaida. Kikivunjika, hutawanyika vipande vidogo visivyo na ncha ndefu za kuchoma abiria. Neno langu "kisha" lingeufanya upande mmoja ugande kabla ya mwingine, na kioo kingepinda au kupasuka palepale mbele ya fundi.

Na neno "baridi"? Mfano mzuri ni injini za ndege. Gesi inayozungusha mapanga ya ndani yaweza kupita digrii 1,500, joto linalozidi kiwango cha kuyeyuka kwa metali ya mapanga hayo. Mapanga husalimika kwa sababu yana matundu ndani, na mikondo ya hewa hupiga kuta zake kutoka ndani. Hewa hiyo "ya kupoza" yenyewe huwa na mamia ya digrii. Ungeigusa ungeungua, lakini kwa panga lile ni nafuu.

Tangu siku ile nimebadili namna ninavyofundisha tafsiri ya matini za kiufundi. Kabla mwanafunzi hajafungua kamusi, namtaka anieleze kwa maneno yake jinsi kitu kinavyofanya kazi. Kiswahili hakikunipungukia maneno: mkondo, pigo, tabaka, mbano na kusinyaa vyote vilikuwapo. Kilichonipungukia ni kuelewa. Wenzangu mnaofasiri maelekezo ya dawa, mbolea au umeme, nawasihi mtafute mtu wa kuwauliza "hili neno umelitoa wapi?" kabla karatasi haijamfikia atakayeitumia.