Je, Wajua? Gari Kuukuu la Msituni Hutambuliwa kwa Namba Kuliko Sura

Gari kuukuu likikutwa limemezwa na vichaka msituni, wengi hukimbilia nembo na taa za mbele. Hizo ni dalili dhaifu mno, kwani hufunguliwa kwa bisibisi na kufungwa kwenye gari jingine. Ushahidi mzito ni namba iliyogongwa kwenye chuma. Kwenye Volkswagen Beetle, namba ya chasisi iko chini ya kiti cha nyuma, juu ya tuta la katikati ya sakafu. Ondoa uchafu taratibu kwa brashi laini, mulika tochi kwa ubavu, na tarakimu zitajitokeza kwa vivuli vyake.

Je, sakafu ikiwa imeliwa na kutu? Hapo bodi husaidia. Kioo cha nyuma cha Beetle cha vipande viwili kilikoma Machi 1953, kikafuata cha umbo la yai hadi 1957, kisha kikubwa zaidi cha mstatili. Hata hivyo, bodi ya gari hili hufungwa kwa bolti na yaweza kuhamishiwa chasisi nyingine, kwa hiyo kioo hueleza umri wa bodi peke yake. Kioo na namba vikipingana, uchunguzi haujashindwa: huenda mbele yako pana magari mawili yaliyounganishwa. Wala usitarajie namba ndefu ya herufi na tarakimu 17, maana Marekani iliilazimisha kuanzia magari ya 1981. Mahali pa namba pia hutofautiana: Ford Model T, iliyotengenezwa 1908 hadi 1927, ilijulikana kwa namba ya injini, iliyogongwa ubavuni kushoto mwa bloku.