Kisu kisichotengenezwa tena: Mtaji au mapambo?

BIDHAA ikisimamishwa kiwandani, muuzaji huwa na maneno mawili tu ya kumwambia mteja: "Haitoki tena." Hapo hapo bei hupanda. Maneno hayo yamezoeleka katika maduka ya vipuri ya Temeke na Kinondoni, lakini yanatumika pia kwa kitu kidogo kinachoingia mfukoni: kisu cha kukunja cha titani aina ya Sebenza 21, ambacho kampuni ya Chris Reeve Knives ya mji wa Boise, jimbo la Idaho, Marekani, iliacha kukitengeneza mwaka 2019.

Kisu cha namna hii hakiagizwi kwa kontena. Kikionekana mjini, basi kimetoka katika begi la ndugu aliyerudi kutoka ng'ambo, kwa baharia, au kwa mgeni wa uwindaji aliyemwachia mwongozaji wake zawadi. Anayeletewa, awe mwenye duka la vifaa Tandika au mtumishi wa ofisi anayeishi Mwenge, hutakiwa kuamua haraka kama afunge shilingi milioni moja au zaidi katika chuma cha urefu wa kiganja.

Jina la kisu halihitaji mkalimani wa mbali. Sebenza ni neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi. Chris Reeve mwenyewe alianza kutengeneza visu Durban, Afrika Kusini, kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1989. Sifa yake kubwa ni komeo. Upande mmoja wa mpini umechanwa ukawa kama ulimi, na kisu kikifunguka ulimi huo hujisukuma wenyewe nyuma ya bapa na kulizuia lisirudi. Hakuna springi ya pembeni. Mpini ndio springi. Titani inafaa kwa kazi hiyo kwa sababu hunyumbulika, haishiki kutu hata katika hewa ya bahari, na uzito wake unakaribia asilimia 60 tu ya ule wa chuma.

Hata hivyo ubora wa kisu ni jambo moja, na uhaba wake sokoni ni jambo lingine. Namba 21 ilitoka kiwandani tangu mwaka 2008, yaani zaidi ya miaka kumi, na nafasi yake ikachukuliwa na namba 31 yenye umbo karibu lile lile. Mabadiliko makubwa ni pale komeo linapogusa bapa, ambapo sasa pamewekwa gololi ya kauri ili pasilike upesi. Kwa lugha ya sokoni, kilichosimamishwa ni namba, si kisu. Okapi, kisu cha kukunja kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, kilihamishiwa Afrika Kusini mwaka 1988 na kikabaki kisu cha bei ya mtu wa kawaida. Wanaotafuta kile cha Kijerumani ni wakusanyaji wachache.

Anayetaka kuagiza kisu hicho kutoka Marekani afanye hesabu kwanza. Tuseme, kwa mfano, kimefika bandarini au uwanja wa ndege kwa gharama ya dola 400 pamoja na usafiri, na dola ni shilingi 2,500. Hiyo ni shilingi 1,000,000. Ushuru wa bidhaa zilizokamilika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kawaida ni asilimia 25, na VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla hiyo. Kisu kinafika dukani kwa shilingi 1,475,000, bila kuhesabu tozo ndogondogo.

Fedha hizo zikiwekwa katika kufuli, misumari na rangi, na zikazunguka mara moja kwa mwezi kwa faida ya asilimia 5 tu, huleta shilingi 73,750 kila mwezi, au 885,000 kwa mwaka. Kwa hiyo mwenye duka anayekiweka kisu kabatini akisubiri "kiadimike" lazima akiuze kwa shilingi 2,360,000 baada ya mwaka mmoja ili awe sawa na jirani yake anayeuza misumari. Mteja wa bei hiyo Dar es Salaam ni nani, wakati kiwanda bado kinauza namba 31 mpya? Soko halisi la kisu hiki liko Marekani, na kukirudisha huko ni gharama nyingine, huku ushuru na VAT vikiwa vimekwisha kumezwa.

Kisu kilichokwisha kuingia mjini kina hesabu tofauti. Muuzaji hana haki ya kudai ushuru ambao hakuulipa. Bei ya juu kabisa ya haki ni ile inayolipwa Marekani kwa kisu kilichotumika, ikipunguzwa gharama ya kukipeleka huko. Chini ya hapo, mtu wa kazi za baharini au porini anaweza kukinunua bila majuto. Mwenye duka anayetafuta faida aachane nacho.

Mnunuzi achukue sumaku ya spika kuukuu aiguse kwenye mpini. Titani haivutwi na sumaku. Mpini ukinasa, huo ni chuma na mazungumzo yamekwisha. Usiponasa bado si ushahidi kamili, kwa kuwa visu vya kughushi vya titani navyo vipo vingi. Ndiyo maana kadi ya kiwandani yenye tarehe ya kutengenezwa ina thamani yake. Kisha kifunguliwe na ulimi wa komeo utazamwe: ukiwa umesogea hadi kugusa upande wa pili wa mpini, komeo limelika, na dawa yake iko Idaho. Bapa nalo litazamwe kama limewahi kupita kwa mnoa visu wa baiskeli. Gurudumu lake likiachwa lipashe chuma joto hadi kibadilike rangi ya bluu, ugumu wa makali umeondoka, na hapo bei ishuke kabla mnunuzi hajatoa hata senti.