Jina Lile Lile, Ladha Tofauti: Wananchi Washauriwa Kusoma Lebo

Msafiri anaponunua soda aliyoizoea akiwa nchi nyingine, huenda akashangaa kuona ladha imebadilika ilhali jina na nembo ni zile zile. Tofauti hiyo pekee haimaanishi kuwa bidhaa ni bandia. Kinywaji chenye jina moja hutengenezwa katika viwanda vya nchi mbalimbali, na kila kiwanda hutegemea malighafi zilizopo pamoja na sheria za nchi husika.

Kwa mfano, Coca-Cola ya kawaida nchini Marekani hutiwa utamu kwa shira ya mahindi, ilhali ile ya chupa za kioo itokayo Mexico hutiwa sukari ya miwa. Nchini Uingereza, kodi iliyoanza Aprili 2018 ilihusu vinywaji vilivyoongezwa sukari vyenye gramu 5 au zaidi katika kila mililita 100. Watengenezaji wengi walipunguza sukari ili kuepuka kodi hiyo.

Kwa mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu, suala hili si la ladha pekee, kwani kiwango cha sukari au chumvi alichokizoea kinaweza kuwa kingine katika pakiti inayofanana. Hivyo, mwananchi anashauriwa kusoma lebo ya bidhaa aliyoishika mkononi. Viambato huorodheshwa kwa kufuata uzito. Kinachotajwa kwanza ndicho kingi zaidi.