Subira ya Mpiga Picha, Kutoka Mbarara Hadi Rubondo

Mgeni apitaye kwa gari kutoka Mbarara kwenda Rubondo huona vumbi, migomba na ng'ombe wenye pembe ndefu. Hutoa kamera dirishani, akapiga picha mbili tatu, akadhani ameichukua nchi. Akifika kwake hukuta amechukua barabara. Hali ya mahali, yaani ubaridi wa alfajiri, ukimya wa ziwani au zogo la gulioni, haina umbo lake yenyewe. Hudhihirika juu ya vitu vingine, tena kwa muda mfupi, na huonwa na yule aliyetangulia kufika akangoja.

Rubondo ni mojawapo ya kanda tatu za makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyofunguliwa mwaka 1958. Wamo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, na Kiswahili husikika kila upande. Mahali hapo pako karibu mno na Ikweta. Kwa hiyo jua hupanda wima na kuzama upesi. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri mwanga hushuka toka juu, macho ya watu yakawa mashimo meusi na vilima vikaonekana bapa kama karatasi. Wakati huo mpiga picha mzoefu huifunika kamera yake, akazungumza na wenyeji. Kazi huanza jua linapolala, na robo saa ya mwisho ndiyo yenye thamani. Baada ya mvua hewa huwa imeoshwa, na vilima vya mbali husogea karibu. Katika kiangazi cha Juni hadi Agosti vumbi na moshi hulainisha kila kitu. Kilima ni kilekile, lakini picha zake za nyakati hizo mbili zaweza kudhaniwa ni za nchi mbili.

Katika Mbarara yenyewe subira hiyo ina historia. Musa Katuramu, seremala, alipiga picha za watu na mahali pa magharibi ya Uganda tangu miaka ya 1930 hadi ya 1950. Enzi hizo filamu ilikuwa ghali, tena nzito kushika mwanga. Fundi alipima kwanza, akamngoja mtu atulie, ndipo akabonyeza. Mwaka 2014 Andrea Stultiens, msanii wa Kiholanzi, alizitoa picha hizo kitabuni katika mfululizo uitwao Ebifananyi. Hilo ni neno la Kiganda kwa picha za kila namna, na mjuzi wa Kiswahili atalitambua mara moja: ni ndugu wa kufanana. Ni neno zuri kuliko hili letu la kuazima.

Thamani ya picha hizo iliongezeka kwa njia ya uchungu. Februari 1979, katika vita vya kumng'oa Idi Amin, sehemu kubwa ya mji wa Mbarara ilibomolewa. Majengo yalijengwa upya, lakini sura ya mji wa kale hairudishwi kwa saruji.

Nako Rubondo wamo waliovuka mpaka bila hata picha moja ya nyumbani. Wao wenyewe hupigwa picha mno, aghalabu na wageni wa nusu saa, na picha ni zilezile: mtoto na dumu la maji, turubai lililochanika. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Akaaye hapo juma zima huona pia mama akipepeta maharage, kinyozi na wateja wake, vijana wakirudi jioni kutoka shamba la mahindi. Mwenye kutaka kazi hiyo huomba kwanza kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia makazi hayo, kisha huomba ruhusa ya mwenye sura. Ruhusa ya pili ndiyo ichukuayo siku nyingi.

Jamaa za askari, ambazo huhamishwa kituo hata kituo, zaweza kufanya hayo kwa simu ya kawaida. Futa kioo kwa kitambaa laini. Simama pahali pamoja mpaka watoto wachoke kukutazama na warejee mchezoni. Usielekeze simu kwenye kambi wala ghala la silaha. Kisha picha chache zilizo bora zichapishwe kwenye karatasi, na nyuma yake paandikwe jina la mahali, mwezi na mwaka. Kwa penseli, maana wino waweza kupenya na kuharibu sura upande wa pili.