Kabla ya kufungua skrubu, jua Windows yako ni ya nani

Kama wewe ni kijana wa kuhariri video, kuandikia watu CV ama kuendesha saiba ndogo mtaani, hii stori inakuhusu. Kompyuta mpya ni pesa ndefu, kwa hivyo wengi wetu tunajijengea. Madabodi inatoka Luthuli Avenue, prosesa ni ya mkono wa pili, kisha kasha, diski na pawasaplai zinatolewa kwa ile mashine ya zamani iliyochoka.

Unamaliza kuunganisha, unabonyeza swichi, inaamka. Raha tupu. Halafu pembeni ya skrini, kule chini, panatokea maandishi hafifu: Windows haijaamilishwa. Na unajua vizuri ulikuwa na Windows halali kwenye ile mashine ya kwanza. Fundi anakwambia ulipie nyingine. Beshte yako anakwambia uweke kraki. Wote wawili hawajakuuliza swali la maana: leseni yako ya zamani ilikuwa ya aina gani?

Mimi niliacha chuo, na kuunganisha kompyuta za watu ni moja ya kazi zinazonilipia nyumba. Hakuna kitu kinachowachanganya wateja kama hili jambo. Wacha tulifungue polepole.

Leseni hazifanani

Unapolipia Windows, hununui programu yenyewe. Unanunua ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo ina masharti yake. Kwa matumizi yetu ya kawaida, kuna aina tatu.

Ya kwanza ni ile inayokuja na mashine, inaitwa OEM. HP, Dell na Lenovo wanaiweka kiwandani, na ndiyo iko kwenye kompyuta nyingi za ofisi zinazoletwa hapa kama ex-UK. Leseni hii imefungwa kwa mashine moja hadi mashine hiyo ife, na kwa Microsoft, madabodi ndiyo mashine. Ukibadilisha RAM, diski ama kadi ya picha, hakuna shida. Ukibadilisha madabodi kwa sababu unataka yenye nguvu zaidi, hiyo inahesabiwa kompyuta mpya na leseni inabaki nyuma. Afueni ni moja: kama madabodi iliharibika na ikabadilishwa kwa nyingine ya aina ileile, ama ile mtengenezaji anayotoa badala yake, leseni inaendelea.

Ya pili ni ya rejareja, yaani RETAIL. Hii ndiyo mtu ananunua peke yake bila kompyuta. Marekani, Windows 11 Home ya aina hii inauzwa dola 139, karibu Sh18,000. Ni ghali, lakini inamfuata mwenyewe. Ukijenga mashine nyingine unaihamisha, mradi uiondoe kwenye ile ya kwanza. Mashine moja kwa wakati mmoja.

Ya tatu ni ya kampuni, yaani VOLUME. Shirika linanunua ruhusa ya mashine zake nyingi kwa pamoja. Hapa ndipo wengi wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Kompyuta ikitumia mfumo unaoitwa KMS, lazima iwasiliane na seva ya kampuni yake angalau mara moja kila siku 180. Ukiinunua leo, dukani itaonyesha kila kitu kiko sawa. Miezi inasonga, seva haionekani kwa sababu iko kwenye ofisi ya watu huko ng'ambo, na Windows inaanza kulalamika. Muuzaji ukimrudia, anakwambia warranti iliisha.

Angalia ikiwa bado inawaka

Hapa ndipo pa kushika kalamu. Ukaguzi unafanywa kabla hujagusa skrubu hata moja, mashine ya zamani ikiwa bado inawaka.

Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, ufungue. Kwenye lile dirisha jeusi andika slmgr /dli kisha ubonyeze Enter. Kisanduku kidogo kitatokea, na ndani yake utaona neno OEM, RETAIL ama VOLUME. Utaona pia herufi tano za mwisho za ufunguo wako. Piga picha kwa simu.

Lakini usikimbie kushangilia ukiona RETAIL. Kompyuta iliyokuwa na Windows 7 ama 8 ya kiwandani, kisha ikapandishwa bure hadi Windows 10, inaweza kuandika RETAIL vilevile. Angalia zile herufi tano. Zikiwa 3V66T kwa Pro ama 8HVX7 kwa Home, huo ni ufunguo wa jumla ambao mamilioni ya mashine wanao. Haki yako inabaki kuwa ile ya mwanzo, na kama mwanzo ilikuwa OEM, haihami.

Na ile stika ya Windows 7 iliyobandikwa ubavuni? Kwa miaka mingi watu walichukua zile herufi 25 na kuamilishia Windows 10. Ofa rasmi ya kupanda bure iliisha Julai 2016, lakini mlango wa nyuma ukabaki wazi hadi Septemba 2023, Microsoft ilipotangaza kwamba imeufunga. Kwa hivyo mtu akikuuzia stika ya zamani leo akisema itakufungulia Windows 11, mwambie asante, uende zako.

Jinsi ya kuhama

Tuseme leseni yako ni RETAIL ya ukweli. Kwanza, kwenye mashine ya zamani, ingia kwa akaunti yako ya Microsoft na uhakikishe leseni imeunganishwa na akaunti hiyo. Utaona hayo kwenye mipangilio, sehemu ya uamilisho. Pili, kwenye mashine mpya weka toleo lilelile. Leseni ya Home haiwezi kuamilisha Pro. Tatu, ikikataa, rudi sehemu ileile ya mipangilio, fungua kitatuzi, uchague kwamba umebadilisha vifaa hivi karibuni. Itakuonyesha orodha ya kompyuta zako, unachagua ile ya zamani. Kama una ufunguo wako wa herufi 25 kwenye risiti ama barua pepe, unaweza kuuandika moja kwa moja.

Kama umebadilisha diski tu na madabodi ni ileile, kazi ni rahisi zaidi. Weka Windows upya, ruka pale unapoulizwa ufunguo, unganisha intaneti. Itajitambua yenyewe. Mtu asikutoze kwa hilo.

Na kama haihami?

Najua kuna mtu ameshafungua YouTube kutafuta kraki. Sikuhubirii, lakini hebu fikiria inavyofanya kazi. Programu hiyo inakuomba uzime antivairasi, kisha uipe mamlaka yote ya kompyuta. Kwenye mashine hiyohiyo wateja wako wanaingia eCitizen, wanajaza iTax, wanaacha nakala za vitambulisho. Faili zikifungwa na mtu akidai malipo, wewe ndiye utawajibu hao wateja. Tena Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda programu za kompyuta pia, na anayezitumia kibiashara bila ruhusa anajiweka pabaya.

Njia halali zipo. Ya kwanza ni kutovunja mashine ya OEM kabisa. Mwongezee RAM na SSD huyo mzee, mwachie madabodi yake na leseni yake. Lakini kumbuka Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Ukiwa Luthuli, uliza kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei.

Njia ya pili ni Linux. Mint ama Ubuntu ni za bure, hazidai ufunguo, na kazi za kivinjari, kuandika na kuchapisha zinaenda poa. Ila kama riziki yako ni Photoshop, Adobe hawatoi toleo la Linux, kwa hivyo hapo itabidi uweke akiba ya leseni.

Na ukiamua kununua, nunua ya rejareja na utunze risiti. Kompyuta utajenga tena na tena, lakini leseni hiyo utailipia mara moja. Kwa mashine unayouziwa tayari, mwambie muuzaji aiwashe, aandike slmgr /dli mbele yako. Mwenye mali safi hatakataa. Inachukua nusu dakika.